Vita Vilivyopiganwa Mashambani: Jeshi la Marekani na Wanavajo, 1846–1868

Ndugu wasikilizaji, wazee kwa vijana, asanteni kwa kuja.

Ukisoma ripoti za Kanali Christopher Carson wa jeshi la Marekani, ambaye wengi humjua kwa jina la Kit, za kiangazi cha mwaka 1863, utashangaa jinsi mapigano yalivyo haba. Kinachojirudia ni mashamba. Kikosi kimefika bondeni, kimekuta ngano, farasi na nyumbu wamelishwa, iliyobaki imeharibiwa. Mbele kidogo ni mahindi, ekari 70 hivi, nayo yamefyekwa. Halafu maboga, halafu maharage. Kwa majuma mengi maadui wenyewe karibu hawaonekani, lakini kazi inaendelea kila siku.

Jambo ninalotaka tulishike leo ni hili: Wanavajo, watu wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, walishindwa kwa njaa iliyopangwa, na waliopanga njaa hiyo hawakupanga chakula cha kuwalisha watu baada ya kuwashinda. Vifo vya Bosque Redondo, mahali walikohamishiwa kwa nguvu, vilitokana na hesabu hiyo, na hesabu yenyewe imo katika barua na orodha za jeshi.

Tuanze na nchi. Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, waliishi kati ya milima minne mitakatifu: Blanca mashariki, Taylor kusini, San Francisco magharibi na Hesperus kaskazini. Leo eneo hilo liko katika majimbo ya Arizona, New Mexico, Utah na Colorado. Ni nchi kame, ya nyanda za juu zilizochanwa na makorongo. Kiangazi kondoo walipandishwa milimani kwenye nyasi, na majira ya baridi walishushwa mahali penye theluji chache na kuni za kutosha. Mahindi yalipandwa mabondeni, pale maji ya mvua yanapotandaa. Baada ya mavuno yalifukiwa katika mashimo yaliyofunikwa vizuri, mtu wa kupita asijue kilicho chini ya miguu yake. Katika Korongo la de Chelly palikuwa na mipichi, na matunda yake yalianikwa juu ya miamba yakauke kwa ajili ya baridi.

Kwa hiyo chakula cha familia kilikuwa mahali patatu: kwato za kondoo, shimo ardhini na tawi la mti. Ukichukua kondoo peke yake, mahindi yapo. Ukichoma mahindi mwezi Novemba umechelewa, kwani yameshafukiwa. Ndiyo sababu makamanda waliotangulia walirudi mikono mitupu.

Na walitangulia wengi. Jenerali Stephen Watts Kearny aliingia Santa Fe tarehe 18 Agosti 1846, wakati wa vita kati ya Marekani na Meksiko, akawaahidi wakazi wa New Mexico kwamba jeshi litawalinda dhidi ya Wanavajo. Ahadi hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Ni kweli Wanavajo walivamia vijiji na kuswaga mifugo, tena mara nyingi. Lakini wakazi wa New Mexico nao walikuwa na vikosi vyao vilivyoingia nchi ya Wanavajo kuteka kondoo pamoja na watoto na wanawake, ambao waliuzwa kuwa watumishi wa nyumbani. Baba aliyetekewa mwanawe hakuwa na ofisi ya kwenda kushtaki. Kearny hakumwahidi baba huyo chochote.

Mikataba ilianza mwaka huohuo. Kanali Alexander Doniphan alisaini wa kwanza Novemba 1846, penye chemchemi iitwayo Ojo del Oso. Hadi 1868 ilisainiwa kadhaa, na Seneti iliidhinisha miwili tu: ule wa 1849 na ule wa mwisho. Wanavajo nao hawakuwa na mtawala mmoja. Kila kundi la jamaa lilikuwa na kiongozi wake, aliyesikilizwa kwa sababu ya busara na usemi wake, bila uwezo wa kumwamuru mtu wa bonde jirani. Maofisa walimsainisha mzee aliyefika mkutanoni, kisha kondoo wakiibwa umbali wa kilomita 100 na watu ambao mzee yule hakuwahi kuwaona, jeshi lilisema Wanavajo wamevunja neno.

Mzee mmoja aliyefika mkutanoni aliitwa Narbona. Agosti 1849 alikuwa na miaka kama 80, tajiri wa kondoo, na alikuwa akishauri amani. Alikutana na Kanali John Washington, mazungumzo yakaenda vizuri. Watu walipoanza kutawanyika, mkazi mmoja wa New Mexico aliyefuatana na jeshi alidai amemwona farasi wake aliyeibwa. Washington akaamuru farasi atolewe hapohapo. Wanavajo walipogeuza farasi zao kuondoka, akaamuru askari wafyatue risasi, na mzinga ukafuata. Narbona na wenzake sita waliuawa, na maiti ya mzee ikachunwa ngozi ya kichwa. Mkwewe aliitwa Manuelito, kijana mrefu ambaye baada ya hapo hakuliamini tena jeshi kwa urahisi. Mimi simlaumu.

Mwaka 1851 jeshi lilijenga Ngome ya Defiance ndani ya nchi ya Wanavajo, kwenye malisho bora. Ugomvi wa nyasi ulifuata. Mwaka 1858 askari walipiga risasi mifugo ya Manuelito iliyokuwa ikila mahali ilipozoea kula. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1860, Manuelito na Barboncito waliishambulia ngome wakiwa na wapiganaji wapatao 1,000, wakakaribia kuiteka kabla bunduki za askari hazijawarudisha nyuma. Kanali Edward Canby akawafuatia majira ya baridi. Kampeni yake iliwaumiza, kwani kulikuwa na ukame na mifugo mingi ilikufa, lakini askari na farasi wake walichoka mapema, na Februari 1861 pande zote zikakubali kusimamisha vita. Septemba mwaka huo palifanyika mashindano ya farasi kwenye Ngome ya Fauntleroy, siku ya kugawa posho. Ukazuka ubishi kuhusu farasi wa Wanavajo, na askari wakawafyatulia risasi na mizinga watu waliokuja na wake zao na watoto. Amani ya Canby iliishia hapo.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeanza, na majeshi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga yakaingia New Mexico kisha yakarudishwa mwaka 1862. Septemba mwaka huo alikuja kamanda mpya, Jenerali James Carleton, aliyetoka California na kikosi kilichokuwa kimekosa adui wa kupigana naye. Alikuwa mtu wa utaratibu mkali, mwenye kujiamini kupita kiasi. Aliamini kwamba nchi ya Wanavajo ina dhahabu, na aliandika hivyo kwa wakubwa wake bila kuficha. Mpango wake ulikuwa kuwahamisha watu wote hadi Bosque Redondo, kwenye Mto Pecos, mashariki mwa New Mexico, wawe wakulima wa kijijini na watoto wao wasome na kufuata Ukristo. Alituma bodi ya maofisa kukagua mahali hapo. Bodi ikajibu kwamba mto hufurika, maji yana magadi, na miti ya kujengea iko mbali. Carleton akajenga Ngome ya Sumner palepale.

Waapache wa Mescalero, kabila jingine la New Mexico, waliletwa kwanza, zaidi ya 400. Kisha Wanavajo wakapewa hadi tarehe 20 Julai 1863 kujisalimisha. Baada ya siku hiyo kila Mnavajo atakayeonekana angehesabiwa kuwa adui. Pima amri hiyo kwa nchi isiyo na barabara wala gazeti, yenye makundi yaliyotawanyika katika eneo kubwa kuliko baadhi ya nchi za Ulaya. Wengi hawakuwahi hata kuisikia.

Kazi alipewa Carson, na askari wa kujitolea wa New Mexico zaidi ya 700. Waongoza njia walikuwa Waute, maadui wa zamani wa Wanavajo, wanaozijua chemchemi. Carson aliomba Waute waruhusiwe kuchukua mateka wao wenyewe, kama ilivyokuwa desturi. Carleton alikataa, ila akaweka bei ya mifugo: dola 20 kwa kila farasi au nyumbu mzima, dola 1 kwa kila kondoo atakayekabidhiwa ofisa ugavi. Kondoo hapa ndiye shabaha ya vita, na bei yake imeandikwa na serikali.

Wakati uliochaguliwa ndio uliowatofautisha na waliotangulia. Walianza Julai na Agosti, mahindi yakiwa bado shambani. Ngano iliyoiva ililisha nyumbu wa jeshi, na mahindi mabichi yalifyekwa. Visima na chemchemi vilishikwa, kondoo wasipate mahali pa kunywa. Familia zilipokimbilia juu ziliacha mavuno nyuma. Na hata hivyo, hadi Desemba Carson alikuwa na mateka wachache sana. Maofisa wake kadhaa walikuwa walevi, farasi walikuwa wamekonda, na Wanavajo walimwibia nyumbu. Alipoomba likizo kurudi kwake, Carleton alimwambia asubiri hadi awe amekamata mateka 100. Kisha akamwagiza aingie Korongo la de Chelly katikati ya baridi.

Carson aliondoka Ngome ya Canby, kituo chake ndani ya nchi ya Wanavajo, tarehe 6 Januari 1864 akiwa na watu 389. Theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba maksai wa kuvuta magari walikufa njiani. Yeye alizungukia mlango wa magharibi, na Kapteni Albert Pfeiffer akaingia upande wa mashariki na watu kama 100. Pfeiffer kwa kweli aliteremkia tawi la kaskazini, Korongo la del Muerto. Ndani yake mto ulikuwa barafu tupu. Askari wenye mashoka na sururu walitangulia kutengeneza njia, na nyumbu mmoja aliyebeba mzigo alianguka akapasuka kwa uchovu. Kutoka kwenye kingo za juu, Wanavajo waliwarushia mawe na mishale, lakini kuta zile ni ndefu mno, silaha nyingi zilipoteza nguvu kabla ya kufika chini. Pfeiffer alitokea upande wa pili akiwa na mateka 19, wanawake na watoto walioishiwa nguvu, na alikuwa ameona njiani maiti za watu walioganda.

Katika korongo hilohilo umesimama mwamba mkubwa uliojitenga na kuta, ambao leo huitwa Mwamba wa Ngome. Masimulizi ya Wanavajo yanasema watu wapatao 300 walikuwa wamepanda juu yake kwa magogo waliyoyategemeza mwambani kama ngazi, wakabeba nyama kavu na mahindi. Askari walipopiga kambi chini kuwazuia na maji, watu wa juu walijipanga usiku kwenye mwamba, mmoja chini ya mwingine, wakateremsha vibuyu kwa kamba hadi kijitoni karibu na walinzi waliolala, wakavipandisha mkono kwa mkono hadi alfajiri. Hawakujisalimisha. Wazao wao wanaelezea hata leo tundu gani lilishikilia mguu wa nani.

Kwa hesabu ya kijeshi, safari ya korongoni iliua watu 23. Ni idadi ndogo kwa kampeni iliyokuja kuwa maarufu kiasi hicho. Lakini wale waliofika kambini kwa Carson walisema tayari walikuwa wanakufa njaa, na kwamba wangekuja mapema kama wasingeamini kuwa wanawindwa wauawe wote. Walipohakikishiwa kuwa wataishi na watalishwa, habari zikaenea. Kufikia Machi watu wapatao 6,000 walikuwa wamekusanyika kwenye ngome za Canby na Wingate, na jeshi halikuwa na akiba ya kuwatosha. Kiangazi kilichofuata Kapteni John Thompson alirudi korongoni na mashoka, akakata mipichi kwa maelfu. Wengi wa wenye miti walikuwa wameshapelekwa Pecos. Katika kampeni yote hakuna tendo ninaloona gumu zaidi kulitetea, hata kwa mantiki ya vita.

Sasa safari yenyewe. Kulikuwa na misafara mingi kati ya 1864 na 1866, kwa njia mbalimbali, ya kilomita 500 hadi 700. Njia ya kawaida ilitoka Canby hadi Wingate, ikashuka hadi Los Pinos kwenye Mto Rio Grande, kisha mashariki hadi Sumner. Magari yalikuwa machache, yakabeba baadhi ya watoto, vikongwe na wagonjwa, waliobaki walitembea. Msafara wa Kapteni Francis McCabe, ulioondoka Machi 1864 ukiwa na watu wapatao 800, ulikutwa na dhoruba ya theluji, na zaidi ya 100 wakafa. Wateka watu walifuata nyuma kama fisi, wakanyakua watoto waliochelewa. Masimulizi ya familia yanataja wajawazito waliopigwa risasi kwa kushindwa kuendelea, na watu waliochukuliwa na maji wakivuka Rio Grande iliyofurika.

Posho nayo iliua. Watu walipewa unga wa ngano na buni, vitu ambavyo wengi hawakujua kuvipika, na hakuna aliyetumwa kuwaonyesha. Wengine walikula unga mkavu au waliukoroga na maji baridi. Wengine walichemsha buni kama maharage, wakamwaga maji na kujaribu kutafuna punje. Kwa matumbo yaliyokaa miezi na njaa, matokeo yalikuwa kuhara damu, na wengi wamezikwa njiani kwa sababu hiyo.

Carleton alitarajia Wanavajo wasiofika 5,000. Hesabu ya mwisho wa 1864 ilikuta zaidi ya 8,000. Posho, ambayo ilikuwa kama ratili moja ya unga na nyama kidogo kwa siku, ilipunguzwa, na hata askari wa New Mexico walipunguziwa yao. Kongresi ilitoa dola 100,000 za kununulia vifaa, lakini waliokagua shehena walisema thamani yake haikufika theluthi moja ya fedha hizo. Makaratasi ya posho yalighushiwa haraka, kwa hiyo jeshi likatoa vibati vya chuma vyenye chapa. Wahunzi wa Kinavajo wakavighushi hivyo pia, kwa maelfu, kwa ustadi ambao maofisa walishindwa kuutofautisha na wa kwao. Familia nyingi ziliishi kwa kazi ya mikono hiyo.

Kilimo, ambacho ndicho kilichobeba mpango mzima, kilianza kwa bidii ya kweli. Wanavajo walichimba mfereji mkuu wa kilomita kadhaa na kulima maelfu ya ekari, wengi kwa majembe ya mkono. Mwaka 1864 mahindi yalikuwa yameanza kubeba, viwavi wakayaingia yote. Mwaka 1865 viwavi wakarudi, na mafuriko juu yake. Miaka miwili iliyofuata nayo haikuleta mavuno ya maana, na ardhi ilizidi kuchachuka kwa magadi yaliyoletwa na maji ya kumwagilia. Mwaka 1868 watu walikataa kupanda. Kuni ziliisha mapema. Wanawake na wanaume walitembea maili nyingi kuchimba mizizi ya mesquite, mti wa miiba wa nchi kame, na kuibeba mgongoni. Wakomanche, kabila jingine, walivamia na kuchukua farasi. Carleton alitaka nyumba za matofali zilizopangwa mistari, bila kujali kwamba kwa mila ya Kinavajo nyumba aliyofia mtu huhamwa. Watu waliishi katika mashimo yaliyofunikwa turubai na matawi, na hospitali waliikwepa, kwa kuwa ilikuwa nyumba waliyofia wengi. Usiku mmoja wa Novemba 1865 karibu Wamescalero wote walitoroka. Idadi ya Wanavajo waliokufa njiani na Bosque hukadiriwa kufikia 2,000 au zaidi, katika watu wasiozidi 10,000.

Gharama ndiyo iliyoishtua serikali mjini Washington. Kuwalisha watu hao kulizidi dola milioni 1 kwa mwaka, wakati serikali inalipa madeni ya vita. Carleton aliondolewa 1866, mwaka uleule Manuelito alipojisalimisha Septemba akiwa na watu 23 tu, wamechakaa. Mei 1868 wakaja wajumbe wa amani wa serikali, Jenerali William Sherman na Samuel Tappan. Mazungumzo yalipita ndimi tatu: Barboncito alisema Kinavajo, Jesús Arviso akatafsiri kwa Kihispania, na James Sutherland akatafsiri kwa Kiingereza. Sherman alipendekeza wahamie mashariki zaidi, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Barboncito alikataa, akaeleza moja baada ya nyingine: mazao yaliyokufa, wanyama waliokufa, watu waliozikwa, na kwamba wazee waliwakataza kuvuka mito kwenda kuishi nje ya milima yao. Sherman, ambaye miaka minne kabla yake alikuwa ameichoma Georgia, alikubali.

Mkataba ulisainiwa tarehe 1 Juni 1868. Ulitoa eneo la ekari kama milioni 3.5, sehemu ndogo ya nchi ya awali, pamoja na kondoo na mbuzi 15,000, mbegu kwa waliotaka kulima, nguo au bidhaa za dola 5 kwa kila mtu kwa mwaka kwa miaka 10, na mwalimu mmoja kwa kila watoto 30. Wanavajo nao waliahidi kutozuia reli na kuwapeleka watoto wa miaka 6 hadi 16 shuleni. Tarehe 18 Juni zaidi ya watu 7,000 waliondoka Sumner kwa msafara mmoja uliotandaa kilomita nyingi. Kondoo wa mkataba waligawiwa Ngome ya Defiance Novemba 1869, wapata wawili kwa kila mtu. Kutoka kwa hao wachache watu walijenga tena mifugo yao, kwa kujinyima nyama miaka kadhaa ili majike yazae. Mipaka ilikuwa finyu mno kwa ufugaji huo, na mwaka 1878 serikali ikaanza kuipanua.

Mateka ndio waliobaki nyuma. Barboncito alimuuliza Sherman juu yao waziwazi, kwani maelfu ya Wanavajo, wengi wao watoto, walikuwa bado katika nyumba za New Mexico, wengine wameshabatizwa na kupewa majina ya wenye nyumba. Tarehe 27 Julai 1868 Kongresi ilipitisha azimio la kumpa Sherman mamlaka ya kuwarudisha. Waliorudi ni wachache. Wengine walikuwa wamesahau lugha, wengine walifichwa, na wenye nyumba hawakuwa tayari kuwaachia watumishi wasiolipwa. Wanavajo waliendelea kuwadai kwa miaka mingi baada ya mkataba.